Ukuta Tuliousoma kwa Sauti

Bibi yangu mzaa baba alizibika masikio wakati mimi bado nachunga ndama, na tangu hapo mji wetu haukuwa na siri tena. Ukitaka kumwambia ugali umeiva, ulipaza sauti mpaka mbwa wa ng'ambo ya bonde wanaitikia. Mama aliwahi kumweleza kwamba shangazi yangu ana mimba, na mlima mzima ukajua, wakati shangazi mwenyewe alikuwa bado hajamwambia mumewe. Tulicheka sana kwa hilo, na shangazi alitununia mpaka mavuno.

Lakini siku moja alikuja mtu kutoka upande wa Kiomboi na habari kwamba kaka yake bibi amefariki. Baba akakaa naye chini kwenye ngozi, akamshika mikono miwili, akamwambia kwa sauti ya mtu na mama yake. Bibi hakusikia. Akapandisha kidogo, bibi akasema ndiyo, mtama mwaka huu utakuwa mzuri. Mwisho baba akafumba macho akapiga kelele kwamba kaka yako amekufa. Wanawake wa mji wa jirani wakaanza kulia kabla bibi hajaelewa. Akawa anatutazama mmoja mmoja, anauliza kule kwa jirani kuna nini, amekufa nani. Baba alinyanyuka akatoka nje, akasimama na ng'ombe mpaka jua likazama.

Nimeanza mbali, najua. Mimi sikusoma shule, nilijifunza kuandika nikiwa na ndevu, na mtu wa namna hiyo akishika kalamu anaandika kama anavyotembea na ng'ombe, akiangalia huku na huku. Habari ya bibi inanijia kila nikifikiria namna neno la mtu mmoja linavyopita kwanza kwa watu wote. Na nikifikiria hivyo, ninafika kwenye ukuta wa ghala.

Kabla ya vijiji, sisi tulikaa mbalimbali. Mji mmoja hapa, mwingine kule nyuma ya majabali, katikati mashamba ya uwele na malisho. Kisha tukaambiwa tuje pamoja. Wengine walikuja kwa hiari, wengine waliletwa na lori na milango yao ikiwa juu ya mizigo. Nyumba zikapangwa kwa mstari kama watoto wa shule. Faida ilikuwepo, sikatai, tulipata zahanati na darasa. Ila waliopima ile mistari hawakuuliza nani ni mkwe wa nani.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akimwona njiani anapinda, anaingia hata kwenye miiba. Hawasemeshani, hawali chungu kimoja, na jina la mkwe halitoki mdomoni kwa mkwilima, yaani mume wa binti, hata kama ni jina la siku au la mvua. Atatafuta neno lingine. Kukiwa na jambo la lazima, anamwambia mbuzi aliye karibu, na mama mkwe anasikia akiwa amegeuka. Mtu asiyejua anaweza kucheka. Ile ilikuwa heshima, na ilikuwa rahisi kuishika wakati kati yenu kuna mlima.

Sasa jirani yangu mmoja, mchonga mizinga ya nyuki, tuliyekuwa tunamwita fundi, alipangiwa kiwanja ambacho mlango wake ulitazamana na mlango wa mama mkwe wake. Katikati ni njia ya mkokoteni tu. Yule bwana alitoboa mlango wa nyuma wiki ileile. Alikuwa anatoka kwake gizani na kurudi gizani, akipita nyuma ya vyoo vya watu, na wenye vyoo wakawa wanalalamika. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini katika jambo la ukwe sijaona aliyemshinda kwa adabu. Mkewe alikuwa binti wa pekee wa yule mama. Walikuwa na mtoto mmoja anayetambaa. Fundi alimpenda mke yule waziwazi, mpaka wanaume tukamtania kwamba anamchotea maji.

Darasa la watu wazima lilikuwa chini ya mapaa ya ghala la kijiji. Wanawake walisoma baada ya chakula cha mchana, sisi wanaume tulikuja jua likipoa. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mpole, kila mzee shikamoo, hata ukikosea herufi anakuamkia kwanza ndipo anakukosoa. Yeye ndiye aliyetuambia tupake ukuta mrefu wa ghala uwe mweusi. Tulisaga mkaa na mawe ya betri za redio zilizokufa, tukakoroga na utomvu. Akasema huu ni ukuta wa mazungumzo. Mwenye neno kwa kijiji aandike, mwenye jibu ajibu chini yake. Wanawake wakija wanasoma ya wanaume, wanaume wakija wanasoma ya wanawake, na hakuna anayemwona mwenzake. Mimi nilipewa kopo la chaki na kazi ya kuangalia mbuzi wasijikune pale.

Mwalimu alitufundisha adabu ya kuandikia watu wengi, na nyingine nimezielewa uzeeni. Alisema anza na salamu, kwa sababu ukuta hauna uso wa kucheka, maneno makavu yanasomeka kama matusi. Andika jambo moja, ukiwa na mawili subiri kesho. Jibu liwe chini ya neno unalolijibu, usiende kuliandika kule mwisho watu wakadhani unamjibu aliyepoteza mbuzi. Habari ya mtu mmoja mpelekee nyumbani kwake. Usifute la mwenzako. Na weka jina lako chini, ili mtu ajue anasema na nani.

Tulizishika kwa kiasi. Kulikuwa na watu ambao wakikuta neno refu wanaongeza tu chini yake "Hata mimi" na jina, na mwingine naye "Hata mimi," mpaka chaki inaisha na ukuta umejaa watu wasiosema kitu. Wajukuu zangu wameniingiza kwenye kundi la ukoo katika simu, na naona wale watu hawakufa. Mtu anaandika shangazi amelazwa Ikungi, chini yake vidole gumba thelathini, na hakuna anayeuliza amekula nini. Lakini niendelee.

Jambo moja mwalimu hakulifikiria, na sisi pia hatukulifikiria. Sisi wote tulisoma kwa sauti. Mtu aliyejifunza ukubwani hawezi kusoma kimya, lazima mdomo uende. Kwa hiyo mama yeyote aliyeandika jina lake pale, alijua kwamba jioni mkwilima wake atafika, atalisoma, na litamtoka mdomoni mbele ya watu. Wanawake wenye wakwe kijijini wakaacha kuandika majina. Waliacha kwa kuwahurumia wakwilima wao. Mwalimu alidhani wamesahau.

Basi siku hiyo tulifika tukakuta neno jipya, herufi zimenyooka, na salamu juu. Lilisema hivi: "Salaam kwa wote. Tunaomba wenye ng'ombe wanyweshe lamboni mchana, asubuhi sisi tuchote kabla maji hayajavurugwa. Maji ya tope yanaumiza watoto. Asanteni." Chini hakuna jina. Lambo ndilo bwawa letu la pekee, na aliyekuwa akinywesha alfajiri ni mmoja tu, fundi, kwa sababu ya ule mwendo wake wa kukwepa watu.

Alikuwa ametoka porini muda huohuo, jasho bado mgongoni, ana shoka begani. Tulikuwa na bwana mmoja mshona katambuga, vile viatu vya tairi, mtu wa maneno. Akamsomea fundi lile neno polepole kama anayemlisha mtoto.

"Umetajwa, bwana mkubwa," akamwambia. "Mwanamke amekusimamisha mbele ya kijiji. Utajibu, au mkono wako unajua shoka tu?"

Watu wakacheka. Fundi akaja kwangu akachukua chaki. Aliandika amesimama, shoka hakulitua. Maneno yalikuwa haya, ninayakumbuka kwa sababu yalikaa pale muda mrefu kuliko yalivyostahili: "Wewe uliyeandika habari za maji huna hata jina. Ng'ombe wangu wanaamka, wewe umelala. Kama na mabinti zako umewafundisha usingizi huo, nawaonea huruma waliowaoa." Akatia jina lake chini, kubwa, kama mwalimu alivyosema. Lilikuwa jibu refu kupita yote ukutani, na wanaume walilipenda. Kabla hatujatawanyika palikuwa na "Hata mimi" nne chini yake.

Kesho yake mchana wanawake walisoma. Waliniambia baadaye kwamba mwalimu, asiyejua lolote, alimpa kijiti yule mama mwenyewe aliyeandika neno la maji aongoze kusoma. Akasoma silabi kwa silabi mpaka mwisho, na lile jina kubwa chini akaliruka. Akarudisha kijiti, akasema kichwa kinamuuma. Alipita njia ya mkokoteni, akasimama nyuma ya nyumba ya binti yake, akamwita.

Mimi na fundi tulikuwa tunapasua gogo la mzinga nyuma ya kwangu alipokuja mshenga, yule mzee aliyesimamia ndoa yake. Hakukaa. Tulimwamkia, akaitikia, akabaki ameegemea fimbo anatazama nyuzi za gogo. Fundi akamuuliza kama nyumbani kwake ni salama.

"Mwanangu," mshenga akasema, "yule uliyemjibu ukutani ni mama aliyemzaa mkeo."

Fundi aliketi juu ya gogo, akaanza kuokota vibanzi na kuvipanga kando. Alipofika kwake moto umezimwa, mke na mtoto hawapo, matandiko yameviringishwa. Wote wawili walikuwa ng'ambo ya njia, hatua chache mbele ya mlango wake, na hiyo ndiyo nyumba pekee duniani ambayo hakuweza kwenda kupiga hodi.

Alitaka kufuta usiku uleule. Mwenyekiti wa kijiji akakataa. Mkaguzi wa elimu ya watu wazima alikuwa anakuja kutoka Singida kuona kama kweli tunajua kuandika, na ukuta wetu haujawahi kujaa vile. Amri ikatoka, hakuna kufuta hata nukta mpaka mgeni apite. Fundi akaja kuniuliza kama anaweza basi kuandika chini yake kwamba hakujua, anaomba radhi. Tulilizungusha hilo jambo tukashindwa. Kuandika ni kusema. Akiandika radhi, anamsemesha mkwe wake mara ya pili, na mbele ya kijiji. Asipoandika, tusi linabaki peke yake. Na yule mama naye hakuweza kumjibu kwamba amesikia, kwa sababu hiyohiyo.

Wazee walikaa wakatoa njia. Fundi atatoa kondoo jike, mshenga atampeleka kwa mama mkwe. Kisha, mchana, watu wakiwepo, atayafuta maneno kwa maji na kwa mkono wake mwenyewe, bila kusema lolote. Mama mkwe atakuwepo kwa mbali, amegeuka. Yakishafutika, mke atachukua mtoto na mzigo wake avuke njia arudi. Yule mama alikubali, na nilisikia kwamba alikubali upesi, binti ndiye aliyekuwa analia. Lakini yote yasubiri mgeni.

Mgeni akachelewa. Land Rover yao iliharibika, kisha mafuta hayapo, kisha anakuja kesho. Kila jioni tulikaa darasani na yale maneno juu ya vichwa vyetu. Wapo waliopita wakaongeza yao. Mmoja aliandika kwamba mkwe mbaya ni wa kurudishwa kwao, bila jina. Mwingine akamjibu kwamba wanawake wa darasa wamezidi midomo. Neno la lambo hakuna aliyelikumbuka, na ng'ombe wa watu wengine sasa walikuwa wananywa asubuhi bila aibu. Mshona katambuga alikoma kucheka. Siku moja alimletea fundi jozi mpya ya viatu, fundi akaiacha hapohapo kizingitini. Alikuwa amekonda. Mawingu yakionekana upande wa Itigi alisimama anayatazama, nami nikamkumbusha kwamba ukuta uko chini ya mapaa, na hata mvua ikifuta si mkono wake. Akasema anajua.

Hatimaye gari likaja, mchana, kijiji kizima kipo. Kondoo alikuwa tayari kwa mama mkwe tangu asubuhi. Fundi alikuja na kibuyu cha maji na kipande cha gunia, akasimama pembeni ya ukuta akingoja mgeni amalize. Mama mkwe aliketi kule kwenye kivuli cha mwisho cha ghala, ametupa mgongo, khanga kichwani. Mkewe alikuwa kando yake, mtoto mgongoni, mzigo umefungwa.

Mkaguzi alikuwa kijana wa pwani, suruali pana miguuni, sauti nzuri. Aliwaamkia wazee wote, hilo nilimpenda. Akatembea mbele ya ukuta akisoma kimya, nasi tukamshangaa mtu anayesoma bila mdomo kwenda. Kisha akageuka.

"Ndugu zangu, nisiwafiche," akasema. "Nimetoka kwenye kijiji ambacho ukuta umejaa hivihivi, kumbe aliyeandika ni mwalimu peke yake. Hapa kila mmoja atanisomea maneno yake mwenyewe."

Mwalimu wetu alibadilika rangi. Aliyepoteza mbuzi akasoma vizuri. Bibi mmoja akasoma neno lake la mbegu za alizeti, tukampigia makofi. Mgeni akaenda mpaka kwenye lile jibu refu, akaliwekea kidole.

"Hili ndilo kubwa kuliko yote. La nani?"

Mgeni akalitazama jina, akaliita. Fundi akakaza macho kwenye kibuyu chake. Akamgeukia mwalimu, tena kwa huzuni tu, akamwuliza kama huyu mtu yupo kweli. Mwalimu alifungua mdomo, lakini angeeleza nini? Angeeleza nani ni mkwe wa nani, mbele ya mwenyewe ameketi pale? Mshenga alinong'ona na mwenyekiti, mwenyekiti akawa anatikisa kichwa. Najua alichokiogopa. Tukionekana tumedanganya, darasa linafungwa, na kina mama walikuwa wameanza kusoma kadi za zahanati.

"Yupo," mwenyekiti akasema. "Ni huyo mwenye kibuyu."

Mgeni akafurahi. Alimwendea fundi kwa heshima, akamshika bega, akamleta mbele.

"Shikamoo mzee. Usiogope, sote tunajifunza. Soma taratibu."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Fundi akasogea kwenye ukuta, akainua kile kipande cha gunia, na nilidhani atafuta tu, yaishe. Mwenyekiti akasema bado, ndugu, soma kwanza. Mkono ukabaki juu. Mkewe alikuwa amesimama, mzigo kichwani.

Fundi akasoma. "Wewe," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza la mdomo wake kumfikia mama mkwe wake tangu aoe. Nilimwona yule mama akivuta khanga mpaka usoni na kuinama, akawa mdogo, akashika ardhi kwa mkono mmoja. Mgeni akasema vizuri sana, endelea mzee.

Fundi akaweka kibuyu chini, polepole, akakiegemeza kwenye jiwe ili kisimwagike. Gunia akalikunja akaliweka juu yake. Akapita kati yetu bila kumgusa mtu, akalizunguka gari la mgeni, akashika njia ya porini inayokwenda kwenye mizinga. Tulidhani anakwenda kutuliza moyo. Mkewe alibaki amesimama vilevile na mzigo kichwani, akimtazama anavyopungua kati ya mashina ya uwele uliovunwa. Fundi hakutazama nyuma, na hakurudi tena.